Nilivyomzika Bi Zaina mtandaoni

Wajukuu zangu, mnakuja kwangu na swali lile lile kila mtu kwa namna yake. Mmoja amefungua kundi la waoka keki, mwingine la mafundi pikipiki, mwingine la waliosoma pamoja, na kundi halina watu. Mwezi uliopita binti mmoja alikaa hapa barazani kwangu Ngamiani, akanionyesha simu yake.

"Babu, tuko wawili," akasema.

Nikamuuliza wa pili ni nani. Akaona haya kidogo. "Ni mimi, kwa laini yangu nyingine."

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Yeye kaanza na wawili. Mimi nilianza na watano, na wote watano nilikuwa mimi. Nilimpa chai, nikamsimulia jambo ambalo sijawahi kuliandika lote, na alipoondoka nikaona ni afadhali niliandike, lisije likabaki kwa mtu mmoja.

Kwa msionijua, kazi yangu ilikuwa kukusanya watu mtandaoni. Kabla yake nilikuwa na kibanda cha intaneti hapa hapa Ngamiani, kompyuta sita na feni moja. Simu janja zilipoenea, watu wakaacha kuja, nikabaki nakaa mlangoni nikisalimiana na wapita njia. Ndipo shirika moja dogo likaniita. Lilikuwa na vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mkuu wake alikuwa Mama Shemdoe, nesi mstaafu, Mlutheri wa kutoka milimani Lushoto, mama aliyezoea wodi hata akitembea ofisini ungedhani kuna wagonjwa wamelala. Alikuwa ameona familia nyingi zikirudishwa nyumbani na mgonjwa wa kiharusi, zimeonyeshwa mara moja tu namna ya kumgeuza, kisha basi, wajue wenyewe. Alitaka pawe na mahali ambapo mtu anayeuguza nyumbani anaweza kuuliza, akajibiwa na mwenzake anayeuguza. Jukwaa lile tukaliita Tunaouguza.

"Wewe unajua kompyuta," aliniambia siku ya kwanza, "na umeuguza. Sina haja ya kutafuta mtu mwingine."

Ni kweli nilikuwa nimeuguza. Mke wangu, Mwanaisha, alipigwa na kiharusi akiwa anakuna nazi. Nilimuuguza miaka mitatu. Nilipoanza kazi kwa Mama Shemdoe, ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Mwanaisha afariki. Watoto wetu wawili walikuwa Mwanza na Dar, wakipiga simu Ijumaa baada ya swala. Siku nyingine za wiki nilikuwa naweza kukaa kutoka asubuhi mpaka magharibi sijatoa neno, isipokuwa salamu ya muuza maandazi. Nawaambia haya mapema ili muelewe yaliyofuata. Sitafuti kujitetea.

Sasa kosa la kwanza. Nilijenga jukwaa kama mtu anayejenga nyumba ya kupangisha. Nilitengeneza vyumba kumi na viwili: chumba cha chakula, chumba cha dawa, chumba cha dua, chumba cha sheria, hata chumba cha vichekesho. Mtu wa kwanza kuingia angekuta vyumba kumi na viwili vitupu, na mwangwi wa miguu yake mwenyewe. Mkianzisha kitu, fungueni chumba kimoja. Watu watano ndani ya chumba kimoja wanaonekana ni mkutano, lakini ukiwatawanya kwenye vyumba kumi na viwili, kila mmoja ataona kapotea njia.

Kosa la pili lilikuwa gari la matangazo. Nilishauri tukodi gari lenye spika, lizunguke sokoni na mitaa ya jirani likitangaza kwamba wanaouguza wagonjwa majumbani wamepata msaada. Siku ile ngazi zetu zilijaa. Walikuja kuomba dawa, viti vya magurudumu, na magodoro. Mzee mmoja alipandisha mkono wa kanzu, akauweka juu ya kibodi yangu, akasema, "Haya, nipime presha." Nilipomweleza kwamba hapa tunaongea tu, kwenye simu, aliniangalia kwa huruma kubwa.

"Kuongea tu?" akaniuliza. "Kijana, na wewe wanakulipa?"

Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu. Hakuna hata mmoja wa wale aliyejiunga.

Mama Shemdoe hakunigombeza. Ila alianzisha mtindo mmoja. Kila saa kumi, akifunga mkoba wake aende nyumbani, alisimama mlangoni kwangu akauliza, "Hatibu, leo umeongea na nani?" Hakuuliza wangapi wamejiunga, wala wangapi wametazama. Alitaka jina. Siku za mwanzo nilimjibu, "Bado, mama." Akaitika, akashuka ngazi. Nikasikia mlango wa chini ukifungwa, nikabaki na ukurasa mtupu. Wiki ya kwanza nilivumilia, na ya pili pia. Ya tatu nikaanza kuogopa ikifika saa kumi.

Basi nikatengeneza watu.

Wa kwanza aliitwa Athumani, mkulima wa machungwa wa Muheza, anayemuuguza baba yake. Akafuata Mama Joni wa Korogwe, mcha Mungu, mwenye mkwe mgonjwa. Halafu mwalimu mmoja asiyependa utani, na mwanafunzi mmoja wa chuo. Wa tano alikuwa Bi Zaina wa Nguvumali, aliyemuuguza mumewe aliyepooza upande mmoja. Niliwaandikisha wote kwa mikono yangu, nikawapa picha za maua, nikaanza kuwaongelesha wenyewe kwa wenyewe. Niliwaza kwamba mtu wa kweli akichungulia akakuta watu wanaongea, atakaa. Baadaye nimesikia kwamba hata huko kwenye makampuni makubwa wapo waliofanya hivyo. Sijui. Najua tu mimi nilivyofanya.

Ilikuwa kazi ya kuchekesha. Siku moja nilisahau kubadilisha jina, Athumani akaandika, "Mimi mume wangu halali mpaka nimkande miguu." Nikafuta haraka, nikatazama mlangoni kana kwamba mtaa mzima umeniona. Siku nyingine mwalimu na Mama Joni walibishana juu ya kumlisha mgonjwa uji wakati amelala, nami nikakasirika kweli, nikaenda dirishani kupunga upepo. Nimekasirishwa na nani? Ofisini nilikuwa peke yangu.

Lakini Bi Zaina alikuwa tofauti. Wale wanne niliwatunga, ila Bi Zaina sikuwa na haja ya kumtunga. Kila alichosema kilikuwa kimenipata mimi na Mwanaisha. Alieleza namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kwa kuivuta shuka iliyokunjwa chini yake badala ya kumvuta mkono. Alieleza kwamba ukimlisha lazima umkalishe wima, umpe kijiko kidogo, umngoje ameze, na ukisikia sauti yake imelowa, kama ya mtu mwenye maji kooni, baada ya kumeza, uache. Alieleza kuhusu vidonda vya kulalia vinavyoanza kwa wekundu mdogo kisiginoni, usiangalie mgongo tu ukasahau visigino. Alisema hata lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote: kwamba kuna asubuhi nilisimama nje ya mlango wa chumba na beseni la maji mkononi nikashindwa kuingia, maji yakapoa, nikaenda kuyapasha tena, na Mwanaisha hakujua.

Kwa nini nilimpa mwanamke maneno yangu? Kwa sababu niliona haya. Huku kwetu mwanamume akiuguza mkewe watu humsifu, lakini hawataki kusikia namna anavyomwosha na kumbadilisha nguo. Shemeji zangu walipokuja walinikuta nafua shuka, wakanipokonya na kuniambia nikakae na wanaume barazani. Wakiondoka, shuka zilinirudia. Niliona mwanamke akiyasema haya, yatasikika ni mambo ya kawaida.

Saa kumi ilipofika, Mama Shemdoe akauliza leo umeongea na nani. Nikamjibu, "Na Bi Zaina, wa Nguvumali." Alitabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu vile. Mkoba aliuweka chini, akataka nimsimulie.

Riziki alikuja wiki ya tano. Huyu hakuwa mimi.

Aliandika mstari mmoja tu: "Mama yangu hataki kufungua mdomo kula, je anataka kufa?" Nikakaa nikiusoma. Alikuwa anaishi Ushongo, kule ng'ambo ya mto Pangani, na mama yake alikuwa ameanguka kwa kiharusi miezi miwili nyuma. Ndugu zake wa kiume walikuwa wavuvi, wakija mchana wakichungulia mlangoni, wanauliza anaendeleaje, wanakwenda kulala. Riziki alikuwa ameachika, hana mtoto, na ndugu waliona hiyo ndiyo sababu nzuri ya yeye kuachiwa mama.

Hapo, wajukuu zangu, ndipo ningeandika kwa jina langu. Ningesema, naitwa Hatibu, ni msimamizi wa jukwaa, karibu, mke wangu naye alikataa chakula na haya ndiyo niliyoyafanya. Badala yake akajibu Bi Zaina. Alimuuliza kama kinywa cha mama kina vidonda, kama meno yanamuuma, kama amejaribu uji baridi. Kesho yake Riziki akaandika: ulikuwa utando mweupe ulimini, zahanati wamempa dawa, leo amekunywa nusu kikombe. "Dada Zaina, Mungu akulipe. Sikuwa na mtu wa kumuuliza."

Kuanzia siku ile akawa anaandika kila siku asubuhi, akimaliza kumwosha mama. Hakuwa na haja na Athumani wala mwalimu, alimtaka dada Zaina. Na mimi, aibu iliyoje, nilianza kuwahi ofisini. Nilikuwa nanunua kahawa chini, napanda ngazi mbili mbili, nafungua nione Riziki ameandika nini. Mama amecheka leo. Mama ameniita kwa jina la marehemu dada yake. Leo nimelia nikamwambia ni moshi wa kuni. Nilikuwa namjibu taratibu, nafuta, naandika upya. Tangu Mwanaisha afe, hakuna mtu aliyengoja neno langu. Sasa yupo mmoja Ushongo, ila anangoja neno la mtu mwingine.

Riziki akamleta binamu yake wa Pangani. Binamu akamleta jirani. Hivyo ndivyo watu wanavyokuja, na hili likumbukeni hata mkisahau mengine yote: mtu mmoja aliyesaidiwa kweli ataleta wawili. Gari la matangazo halikuleta hata mmoja. Mpaka mwezi wa nne tulikuwa na watu thelathini na kitu wa kweli. Nikawanyamazisha Athumani na wenzake mmoja mmoja, wakaaga kwa heshima, hakuna aliyewaulizia. Lakini Bi Zaina hakuweza kuondoka, maana yeye ndiye waliyemfuata.

Miaka ya baadaye niliombwa kuanzisha kundi la akina mama wanaolima mwani, huko pwani ya Mkinga. Safari hiyo mwezi mzima sikufungua chochote kwenye simu. Nilikunja suruali, nikaingia nao majini maji yakitoka, yaani bahari ikikupwa, nikajifunza kufunga mche wa mwani kwenye kamba, nikafunga vibaya, wakanicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja aliitwa Mwanakombo. Akaniambia, "Kaka, wewe kamba zako samaki wenyewe watazifungua." Nilipofungua kundi, niliwaingiza saba waliokwisha kunicheka pamoja, na swali la kwanza nililoweka lilikuwa jepesi: leo maji yametoka saa ngapi kwenu? Mtu wa kujibu hilo haoni haya, haogopi kukosea. Kundi lile mpaka leo lipo. Lakini ustadi ule sikuupata bure, niliupata kwa kumzika Bi Zaina.

Ilikuwa hivi. Riziki aliandika kwamba anamleta mama hospitali ya mkoa kuangaliwa, na kwamba wakishamaliza atapita Nguvumali kumwona dada yake Zaina uso kwa uso. Akaomba nambari ya simu. Bi Zaina akasema simu yake imeharibika spika. Riziki akasema haidhuru, nielekeze nyumba tu. Bi Zaina akasema wiki hiyo atasafiri. Riziki akasema nitasogeza siku, mama anaweza kungoja. Na wale wengine wakadakia kwamba nao wangependa kumwona, mmoja akapendekeza wachange waje wote.

Nilikaa siku nzima nikitafuta njia. Kumwambia Riziki ukweli ilikuwa njia iliyonyooka, na ndiyo niliyoiruka. Alasiri niliandika kwa jina langu la msimamizi, mara ya kwanza tangu tuanze: "Kwa masikitiko nawatangazia kwamba dada yetu Bi Zaina amefariki ghafla leo asubuhi, na ameshazikwa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Nikaweka jina langu na nambari ya simu ya ofisi, nikazima kompyuta. Saa kumi Mama Shemdoe aliuliza, leo umeongea na nani. Nikasema kichwa kinaniuma.

Kesho yake jukwaa lilijaa kuliko siku yoyote. Watu ambao hawakuwahi kuandika waliandika. Mama mmoja wa Pongwe alisema alikuwa akisoma maneno ya Bi Zaina kwa sauti ili mumewe mgonjwa naye asikie. Wakagawana juzuu za Kurani wamsomee hitima, kila mtu na yake, na Wakristo wakaandika sala zao. Kama ningekuwa natafuta idadi, ile ndiyo ilikuwa siku yangu ya ushindi. Nilisoma yote nikiwa nimekalia mikono yangu, nisije nikajibu. Niliwazia matanga ya Mwanaisha, watu waliokuja siku tatu kisha wakaacha, na jinsi nisivyoweza kumwambia hata mmoja wao habari ya lile beseni. Nilikuwa nimezika mara mbili, na mara hii nilikuwa nasoma rambirambi za mtu mwenye maneno yangu.

Riziki hakuandika kitu. Siku ya tatu simu ya ofisi ililia.

"Kaka Hatibu? Mimi Riziki, wa Ushongo. Niko hapa Nguvumali. Nimeuliza nyumba nne nyumba ya msiba ni ipi, wananiambia huku hakuna msiba. Hebu nielekeze, kaka."

Nilimwambia asimame hapo hapo alipo. Nilichukua baiskeli, na njia nzima kutoka Ngamiani nikawa natunga: familia imehamia, wamempeleka kuzikwa kijijini, matanga yamevunjwa. Nilikuwa na uongo wa kutosha. Halafu nikamwona.

Alikuwa amesimama pembeni ya duka, amejifunga kanga ya msiba juu ya baibui, miguu imejaa vumbi. Mkononi kikapu cha ukili, ndani yake nazi na mfuko wa mchele, maana hawezi mtu kwenda kwenye matanga mikono mitupu. Alikuwa amemwacha mama yake kwa jirani, akapanda bodaboda, akavuka pantoni, akapanda basi, kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomdhania.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Pole na safari."

"Nishapoa. Ni wapi?"

Mbele ya duka palikuwa na benchi. Nikamwomba akae. Alikaa kwa wasiwasi, kikapu mapajani, kama mtu anayejua atainuka mara moja.

"Dada Riziki," nikamwambia, "hakuna Bi Zaina. Hakufa, wala hakuwepo. Yule aliyekuwa anakuandikia ni mimi."

Hakunielewa. Alinitazama mdomoni. Nikarudia, polepole, nikamweleza habari ya wale watano na sababu yake. Mwenye duka aliacha kupanga sabuni akasikiliza, akaona si mambo yake, akaingia ndani.

Riziki alikikaza kikapu mapajani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nilikuambia mambo ya mama yangu. Ya mwili wake. Nikidhani naongea na mwanamke mwenzangu."

"Ndiyo."

"Na yule mume wake Zaina, aliyepooza? Na lile beseni la maji? Hayo umeyatoa wapi, ulisoma kitabuni?"

"Hapana. Yalikuwa ya mke wangu. Yote. Mimi ndiye niliyesimama na beseni."

"Sasa kwa nini hukusema ni wewe?"

"Nani angemsikiliza mwanamume akisema mambo hayo?"

Akageuka kunitazama, macho yamejaa maji na hasira. "Mimi," akasema. "Nilikuwa namtafuta mtu yeyote. Hata ungekuwa mwanamume, hata ungekuwa Mzungu. Ningekusikiliza."

Alifuta uso kwa ncha ya kanga, akakaa anatazama barabara. Baadaye akauliza, "Nimemsomea Yasini siku tatu. Nimemsomea nani?"

"Sijui, dada. Nisamehe."

"Mkeo alikuwa anaitwa nani?"

"Mwanaisha."

"Binti nani?"

"Binti Omari."

Akakiweka kikapu chini. Akainua mikono pale pale kwenye benchi, mchana kweupe, watu wakipita na baiskeli zao, akaanza Fatiha, na kumtaja Mwanaisha binti Omari. Nikainua yangu. Nilikuwa sijaomba dua na mtu mwingine kwa ajili ya mke wangu tangu siku ile ya tatu ya matanga yake. Alipomaliza hakunipa mkono. Alisimama, akajitwika kikapu, kisha akakitua akatoa nazi zote na mchele akaviweka juu ya benchi.

"Hivi nilivileta msibani," akasema. "Sirudi navyo."

Nilimsindikiza mpaka stendi nikiikokota baiskeli, yeye akiwa hatua tatu mbele. Alipopanda basi alisema neno moja tu la mwisho: "Waambie na wengine. Wasije wakafikiri nilijua nikakubali kunyamaza."

Saa kumi ile Mama Shemdoe alinikuta mezani na mfuko wa mchele. Nilimwambia kila kitu kabla hajauliza. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, akaonekana mzee ghafla.

"Kila siku nilikuuliza umeongea na nani," akasema. "Ukanijibu Bi Zaina."

"Ndiyo, mama."

"Mimi sitakuandikia. Andika mwenyewe, usifute kitu, na usimsingizie mtu." Alifika mlangoni akasimama. "Na kesho nitakuuliza tena."

Niliandika asubuhi yake. Nilisema naitwa Hatibu, mimi ndiye niliyekuwa Bi Zaina, hakuna aliyekufa isipokuwa mke wangu Mwanaisha, na mambo yale ya kuuguza ni kweli lakini jina ni uongo, na nimewakosea. Wakaanza kutoka. Mama wa Pongwe alitoka bila neno. Wengine walisema maneno ambayo yalinistahili. Binamu yake Riziki akatoka. Riziki mwenyewe hakutoka wala hakuandika, jina lake likabaki pale kimya. Jioni tulikuwa tisa, na sikujua hao tisa wamebaki kwa sababu wanataka au wamesahau namna ya kutoka.

Siku nne hakuandika mtu. Kila saa kumi niliulizwa, nikajibu, "Bado, mama." Mkipita kwenye siku kama hizo, na mtapita, msiwajaze watu wa kubuni. Kaeni nazo. Mimi nilikuwa naenda hospitali asubuhi, nakaa kwenye benchi za wanaongoja, nawasalimia, nasema naitwa nani na nilimuuguza nani. Wengi walinisikiliza kwa adabu tu. Nikirudi nafungua jukwaa, nalikuta vile vile. Maneno yangu ya kuomba radhi yalikuwa ndiyo ya mwisho, na chini yake peupe.

Siku ya tano, karibu adhuhuri, palikuwa na ujumbe. Mwandishi alikuwa amejiunga tangu mwezi wa pili na hajawahi kusema lolote. Aliandika bila nukta, kama mtu anayeogopa akisimama hataendelea:

"Shikamoo mzee Hatibu mimi naitwa Yohana niko Maramba nilikuwa mkata mkonge namuuguza mke wangu mwaka wa pili sasa nilikuwa nasoma tu sikuandika kwa sababu niliona hapa ni wanawake peke yao nikaona haya, naomba kuuliza wewe ulipokuwa unamgeuza marehemu mkeo mgongo wako ulikuwa hauumi"

Niliusoma mara mbili. Kisha nikavuta kiti, nikaandika kwa jina langu.

"Marahaba, Yohana. Ulikuwa unauma sana. Karibu."